Shoka la Safari: Chagua Vizuri Kabla ya Kuondoka

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, mara nyingi tunakuandikia juu ya kasike, buti, miwani na nguzo za galeri. Leo tunatoka nje ya mgodi. Tunataka kusema juu ya shoka. Si lile shoka la ekipi ya nguzo, linalorudishwa depo kila jioni na kuandikwa katika daftari. Tunasema juu ya shoka lako mwenyewe, lile unalofunga juu ya mzigo siku za konje, unapotoka kambini pamoja na jamaa kwenda kuwaona wazee Lusangi, au Kabambare, au ng'ambo ya mto Luama, nanyi mnajua kwamba mtalala njiani usiku mmoja au miwili.

Kwa nini shoka? Kwa sababu kazini mtu analindwa na watu wengi. Kuna shefu anayetazama, kuna buti yenye chuma kwenye vidole, kuna sanduku la dawa, na gari la kukupeleka kwa munganga lipo. Njiani hakuna hata kimoja katika hivyo. Mtu yule yule aliye mwangalifu mgodini, jioni ile amevaa kandambili, amechoka kwa mwendo, jua linazama, watoto wanalia njaa. Ndipo anashika shoka. Na mara nyingi shoka lenyewe alilinunua sokoni siku ya kuondoka, kwa sababu lilikuwa dogo, jepesi na bei yake rahisi.

KIDONDA CHA MGUU SI JAMBO DOGO

Nchi yetu ya Maniema inajua habari za kidonda cha mguu tangu zamani. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alirudi Kabambare, mji ambao katika daftari lake aliuandika Bambarre, akichechemea kwa vidonda vya miguu. Alikuwa akitafuta njia ya kufika Lualaba. Kwa siku 80 hivi alikaa ndani ya nyumba, hawezi kutembea, na hakuondoka mji ule mpaka Februari 1871. Dawa aliyoiona inamsaidia ilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba ambalo wachimbaji mnalijua vizuri: alilisaga kwa maji juu ya jiwe na kulipaka kwa unyoya. (Tafadhali, asiwepo mtu atakayejaribu dawa hiyo leo.) Livingstone hakukatwa na shoka, vidonda vyake vilikuwa vya namna nyingine. Lakini fikiri: mtu yule mwenyewe alikuwa munganga. Miguu ilipokataa, safari ilisimama miezi saba.

Wewe una mke, watoto, mzigo wa chumvi na sabuni, na siku za konje zilizohesabiwa.

JE, PANGA HALITOSHI?

Wengine watauliza: shoka la nini, na panga ninalo? Swali zuri. Kama unasafiri peke yako wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, na utalala njiani usiku mmoja tu, acha shoka nyumbani. Panga litakata vijiti vya kupikia ugali na kuota moto. Chombo ulichokiacha nyumbani hakiwezi kukukata.

Lakini ukienda na watoto, au kama mvua zimeanza, habari ni nyingine. Kuni zilizolowa haziwaki. Hata hivyo, mti uliokufa ukiwa bado umesimama huwa mkavu ndani, hata kama mvua imenyesha siku tatu. Ukiupasua, ndani unapata ukuni unaowaka. Panga halipasui gogo lenye unene wa paja. Watu hulipigapiga kwa rungu ili lipenye, nalo linavunjika au linateleza. Tena moto si wa ugali peke yake. Maji ya mto yachemke sawasawa kabla ya kunywewa, kwa maana kuhara na homa ya matumbo hazina konje. Sufuria ya maji ya watu sita haichemki kwa moto wa vijiti. Basi kwa jamaa yenye watoto shoka ni chombo cha afya, na ndiyo sababu inafaa kulichagua vizuri.

LILE DOGO NDILO LA HATARI

Karibu kila mtu anayenunua shoka la safari anafikiri hivi: la kwangu liwe dogo, maana kubwa lina hatari na ni zito. Juu ya uzito anasema kweli. Juu ya hatari amegeuza mambo.

Tazama jinsi shoka linavyokwenda. Mkono na mpini vinachora duara hewani. Ukipiga vizuri, duara linakomea katika mti. Ukikosa, au ukuni ukiteleza, shoka halisimami, linaendelea na duara lake mpaka likute kitu kingine. Shoka lenye mpini wa sentimita 80 au 90, lile la kuangushia miti, likikosa huingia ardhini mbele ya miguu yako, ikiwa umesimama vizuri. Shoka la mpini wa sentimita 35, lile la kushika kwa mkono mmoja, duara lake ni fupi: haliifikii ardhi. Linakuta muundi wa mguu, au goti, au kile kidole cha mkono wa kushoto ulioshika ukuni. Ndiyo maana mtu anayetumia shoka kubwa miaka mingi bila jeraha anaweza kujikata siku ya kwanza anaposhika la mkono mmoja.

Hatusemi ubebe shoka la kuangushia miti mpaka Kabambare. La kati ndilo linalofaa. Kichwa chake kiwe na uzito wa gramu 700 hadi kilo 1, na mpini wa sentimita 50 hadi 60, ili liweze kushikwa kwa mikono miwili. Sokoni hakuna metre? Shika kichwa cha shoka kiganjani, unyooshe mkono kando ya mwili, mpini ukipanda juu. Mwisho wa mpini ukigusa karibu na kwapa, basi, hicho ndicho kipimo chako. Uzito wa kichwa, mwombe muuza mchele mizani yake. Viwanda vingi vinachapa uzito juu ya chuma chenyewe.

Na hapa tuna neno kwa akina baba. Ni nani atakayepasua kuni jioni? Mara nyingi baba ndiye anayenunua shoka, akilipima kwa mkono wake mbele ya marafiki, halafu njiani ni mama au kijana wa miaka 14 anayelitumia, kwa sababu baba anajenga kibanda au ameketi akizungumza na wenyeji. Shoka lililofaa mkono wa baba linaweza kumchosha mama katika mapigo kumi, na mkono uliochoka haupigi mahali unapotaka. Basi nendeni sokoni pamoja. Mwenye kulitumia alishike, alinyanyue mara kumi, alishushe taratibu. Kama mara ya kumi mkono unatetemeka, lirudishwe mezani, hata kama baba amekwisha kulipenda.

LA MHUNZI AU LA KIWANDA?

Katika masoko yetu kuna mashoka ya namna mbili, na kila moja lina ugonjwa wake.

La kwanza ni lile la mhunzi. Kichwa chake hakina tundu. Nyuma kina mkia uliochongoka, nao mkia huo unapashwa moto mpaka uwe mwekundu, halafu unachomwa ndani ya kile kichwa kinene cha mpini, kilicho kama rungu. Ni namna ya kale sana katika nchi hizi. Kusini kwetu, katika bonde la Upemba huko Katanga, mtaalamu Pierre de Maret alichimba makaburi ya zamani katika miaka ya 1970. Mahali panapoitwa Kamilamba alikuta kaburi la mtu aliyezikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, pamoja naye shoka la heshima lenye mpini uliopigwa misumari ya chuma, na karibu na kichwa chake fuawe ya mhunzi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba shoka la mhunzi ni la washenzi na la duka ni la wastaarabu. Wazee walijua walichokuwa wakifanya.

Uzuri wake ni huu: kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi, basi kichwa hakiruki. Mpini ukivunjika porini, unachonga mwingine jioni ile ile, unachoma tundu kwa mkia wenyewe, na asubuhi unaendelea na safari. Tena ukikichomoa kichwa na kukigeuza upande, una tezo ya kuchongea. Ugonjwa wake ni kwamba ule mkia unaosukumwa ndani kila siku ni kama kabari, na kabari kazi yake ni kupasua. Siku moja rungu la mpini linapasuka, na kichwa kinakuangukia. Kabla ya kununua, tazama juu na chini ya mahali mkia unapoingia. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, acha. Na ukiona rungu limezungushiwa waya mpya unaong'aa, uliza kwa nini. Waya hautibu ufa, unauficha tu. Mpini mzuri wa namna hii unachongwa mahali mti ulipojifunga, penye fundo au karibu na mzizi, ambapo nyuzi za mti zimesukana na hazipasuki kirahisi.

Juu ya chuma chake, wahunzi wengi siku hizi wanatumia vipande vya resori za malori mabovu. Ni chuma kizuri, kama fundi amejua kukipasha moto na kukipoza. Kipime kwa tupa. Pitisha tupa mara moja juu ya makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, kitamegeka kikikuta fundo, na kipande kinaweza kuruka jichoni. Ikila kwa urahisi kama inakula ubao, chuma ni laini, makali yatajikunja kabla hujafika Lusangi. Ikila kidogo, kwa kukataa kataa, hicho ndicho chuma cha kununua. Mhunzi mwaminifu hatakasirika ukimwomba ujaribu. Akikasirika umepata jibu.

Shoka la pili ni la kiwanda, lenye tundu ambalo mpini unapita. Hilo linapasua kuni vizuri kuliko la mhunzi, kwa sababu mashavu yake ni manene na yanausukuma mti pande mbili, wakati lile jembamba linakwama ndani ya gogo. Lakini ugonjwa wake ni kinyume: kila unapolizungusha, kichwa kinavutwa kwenda mbele, kinataka kuuacha mpini. Kinachokizuia ni kabari peke yake. Basi tazama pale juu. Mti ujaze tundu lote, usione mwanga hata upande mmoja, na kabari iwe ya mti mgumu au ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukikuta msumari wa kawaida umepigiliwa badala ya kabari, usilibebe hivyo. Ama liwekwe kabari ya kweli, ama libaki sokoni. Kichwa cha kilo moja kilichoruka hakichagui kati ya gogo na mtoto aliyesimama nyuma.

Halafu linyanyue kama mtu anayelenga bunduki, utazame kutoka mwisho wa mpini kwenda kwenye makali. Makali na mpini viwe katika mstari mmoja. Shoka lililopinda kidogo linageuka mkononi wakati wa kupiga, na pigo linateleza. Mpini uliopakwa rangi nene tunauogopa. Rangi nyekundu inapendeza, ila inaficha fundo, ufa na nyuzi zilizokatika. Kwaruza kidogo kwa kisu uone mti ulivyo.

Kuna namna ya tatu inayoonekana karibu na migodi: kichwa cha chuma kilichochomelewa juu ya bomba. Vijana wa garaji wanaiuza kwa bei ndogo na wanasema haivunjiki. Msinunue. Mahali palipochomelewa ndipo chuma kinapochoka na kupasuka, na dalili yake huwezi kuiona, tena bomba lenye jasho linateleza mkononi kama samaki.

Ukiwa na wasiwasi kama kichwa kina ufa, jaribu njia ambayo mafundi wa mashine wanaijua. Kisafishe, kipake mafuta ya taa, ungoje nusu saa, kikaushe vizuri kwa kitambaa, halafu kipake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki.

Tungeulizwa sisi, tungesema hivi: kwa safari ya siku nyingi katika njia isiyo na fundi wala duka, chukua la mhunzi, lililofuliwa na mtu unayemjua. Kwa jamaa kubwa inayolala mahali pamoja siku kadhaa na kupasua kuni nyingi, chukua la kiwanda la ukubwa wa kati, nalo ulitie mpini wako mwenyewe.

MPINI UTENGENEZWE MAPEMA

Mpini wa mti mbichi ndio unaoleta taabu nyingi. Ukiingizwa mbichi, unajaa tundu vizuri na kila mtu anafurahi. Baada ya wiki mbili za jua umekauka, umepungua, na kichwa kinacheza. Basi kata mti miezi miwili kabla ya konje, uuweke juu ya uchaga wa jikoni au kivulini ukauke polepole. Mpera unafaa sana, ni mgumu na hauvunjiki upesi, nao uko karibu kila uwanja. Mchungwa na mdimu pia. Chagua tawi ambalo nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, bila fundo katikati. Mpini ulainishwe kwa kipande cha chupa, usipakwe rangi, upakwe mafuta ya mawese kidogo tu na kufutwa vizuri.

Wako wanaotumbukiza shoka ndani ya maji usiku ili mpini uvimbe na kukaza. Asubuhi kweli limekaza. Lakini mti ukivimba ndani ya chuma, nyuzi zake zinajiponda zenyewe, na ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko jana. Jua la saa saba likiwa kali, kichwa kinaruka. Dawa ya mpini unaocheza ni kabari mpya. Chonga mbili tatu za mti mgumu nyumbani, uzifunge katika mzigo pamoja na tupa ndogo na jiwe la kunolea.

Tunasema jiwe na tupa kwa sababu shoka butu ndilo linaloteleza. Kali linauma mti pale unapolipeleka. Nalo likinolewa, linolewe kwa kusukuma tupa kutoka nyuma ya vidole, na glavu ya zamani mkononi kama unayo.

NJIANI NA KAMBINI

Shoka lisitembee uchi. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kizungushe juu ya makali, ukifunge kwa ukanda wa mpira huo huo. Kazi ya dakika tano. Katika njia ya utelezi, lililovikwa lifungwe juu ya mzigo, makali yakitazama nje. Ikibidi kulibeba mkononi bila ala, lishike karibu na kichwa, mkono ukining'inia, makali yaelekee mbele na chini, nawe usiwe na mtu mbele yako kwa hatua tatu. Ukiteleza, litupe kando, usianguke nalo. Begani ni kwa ajili ya picha. Na wewe unayepanda pikipiki na shoka limechomekwa nyuma ya kiti, mwenzako aliye nyuma yako ana familia.

Mkifika mahali pa kulala, tazama juu kabla ya kutazama chini. Katika misitu yetu kamba za mwitu zinafunga mti na mti, na ukilikata shina moja kavu, kamba zinaweza kuvuta tawi lililooza la mti mwingine likaja kichwani pako. Kuni za kambi si za kuangusha miti mikubwa. Tafuta mti mkavu wenye unene wa mkono au paja. Kama ni mkubwa kuliko hapo, uache.

Ukuni uwekwe juu ya gogo pana, usiwekwe juu ya jiwe wala juu ya mguu. Kama shoka lako ni fupi, piga magoti mbele ya gogo: likikosa linaingia ardhini mbele yako. Usishike kwa mkono ukuni unaousimamisha. Ukikataa kusimama wenyewe, gonga makali ndani yake taratibu mpaka yashike, halafu nyanyua ukuni na shoka pamoja, uviteremshe pamoja juu ya gogo. Watoto wakae mbali kwa hatua tano, na mmoja apewe kazi ya kuwazuia, maana mtoto anapenda kuokota kipande kinachoruka.

Wafanyakazi wa mgodi wana tabia moja wanayoibeba kutoka kazini: wanatumia kisogo cha shoka kama nyundo. Kugonga mambo za kibanda za mti, sawa. Kugonga chuma kwa chuma, hapana, wala kupiga kisogo cha shoka moja kwa shoka jingine. Vipande vinavyoruka havionekani vikija, na tundu la shoka linapanuka.

Giza likiingia, kazi ya shoka imekwisha. Kuni za asubuhi zipasuliwe kabla ya jua kuzama, au zingoje asubuhi. Kawia ufike.

IKIWA DAMU IMETOKA

Tuseme imetokea. Mtu amejikata mguu, na lopitali ya Kasongo iko mbali. Mlaze chini mara moja, mguu juu ya mzigo. Kunja kitambaa kisafi kadiri ulicho nacho, ukiweke juu ya jeraha, ubonyeze kwa nguvu kwa mikono miwili, dakika 10 kwa saa, bila kufunua kuchungulia. Watu wengi wanashindwa hapa: kila dakika wanafunua waone kama imekoma, na kila wakifunua inaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usikitoe cha kwanza. Damu ikikoma, funga kwa kukaza.

Kama damu inaruka kwa mapigo, au inamwagika na kubonyeza hakuizuii, funga mguu juu ya jeraha, upana wa vidole vinne hivi kutoka jeraha, pasipo kiungo cha goti. Tumia kitambaa kipana cha sentimita 5 au zaidi, si kamba wala waya. Weka kijiti juu ya fundo, ukizungushe mpaka damu isimame, ukifunge kisirudi. Itauma sana. Andika saa kwa makaa juu ya ngozi yake, na asikifungue mtu njiani mpaka munganga. Abebwe kwa tipoyi, baiskeli au pikipiki, asitembee.

Usitie kitu ndani ya jeraha. Si udongo, si majivu, si masizi ya sufuria, si tumbako, si unga wa kidonge kilichofunguliwa. Jeraha dogo ambalo damu yake imekoma lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, na sabuni. Jeraha lolote linaloonyesha nyama ya ndani, au kama vidole vya mguu havinyanyuki tena, ni la munganga siku hiyo hiyo, hata kama haliumi sana.

NA SINDANO YA PEPOPUNDA?

Kijidudu cha pepopunda kinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na shoka linagusa vyote viwili. Ugonjwa mara nyingi unaanza siku 3 hadi 21 baada ya jeraha: taya linakaza, kisha shingo, kisha mwili wote. Kufikia hapo jeraha lenyewe linaweza kuwa limekwisha kufunga, na mgonjwa amelisahau. Wengi hufa.

Kasongo ni mji uliojulikana na waganga wa nchi za mbali, kwa kuwa katika miaka ya 1970 palikuwa na kazi kubwa, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, ya kuonyesha jinsi vituo vya afya vidogo vilivyo karibu na watu vinavyoweza kutibu na kuchanja. Katika vituo kama hivyo watoto wanachanjwa, na mama mwenye mimba anapata sindano ya pepopunda kumlinda yeye na mtoto atakayezaliwa. Tazama sasa nyumba yako. Watoto wana kadi. Mama ana kadi. Baba, mwenye kushika shoka, panga na sururu kila siku, kadi yake iko wapi? Hakuna anayemwita, kwa sababu hana mimba wala hanyonyi.

Muulize muuguzi wa kituo chako. Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa anahitaji sindano ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4 au zaidi, ya tatu baada ya miezi 6, na nyingine za kuongeza nguvu baadaye. Sindano moja ya siku ya kuondoka haitoshi kukulinda njiani. Na aliyejikata kabla ya kumaliza chanjo amwambie munganga hivyo, ili apewe na dawa ya kinga ya mara moja.

Anayekwenda konje mwezi wa Julai aanze Mei.